Makaburi ya Waliokataliwa

Alhamisi, 5 Septemba 1985

Mwethya leo ilikuwa kwa Kalondu. Tuta moja limekwisha, jingine tumeliachia katikati. Ardhi ngumu, jembe linaruka na kukurudia usoni. Mpini wangu umelegea tena, nimeukaza kwa kipande cha ndara kuukuu. Kalondu aliimba asubuhi nzima mpaka sauti ikamkauka. Hapo ndipo sisi wengine tukapumzika.

Mimi ndiye mwenyekiti wa mwethya, wanawake hawa wa Itulani wanaolimiana kwa zamu. Mwenyekiti wa jina. Wakimsikia Kalondu ndipo wanapoinua majembe.

Chakula kilikuwa isyo, maharagwe mengi kuliko mahindi. Hakuna aliyelalamika. Mwaka jana wakati kama huu tulikuwa kwenye foleni ya unga wa manjano.

Mwalimu wa ngumbaru alituambia mkono usioandika husahau. Darasa likafungwa, mwalimu akahamishwa, mimi bado naandika mistari yangu, kwa Kiswahili kama alivyotufundisha. Hakuna atakayeisoma. Kwa hiyo nasema nitakavyo.

Nikirudi nilipitia makaburini. Korongo la maji limesogea. Sikupenda nilichoona. Kesho nitarudi.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimerudi. Nililala chali, kichwa kwenye mawe ya kaburi la Mumbua, nione miguu itafika wapi. Ilining'inia. Chini yake hakuna kitu, ni korongo tupu. Mtu angenipita pale angesema Mama Mumbua amerukwa na akili.

Mvua ya Novemba ikija kama ilivyozoea kuja baada ya njaa, itamchukua mwanangu.

Kwetu kila mtu huzikwa shambani kwao. Makaburi haya yako mlimani kando ya kanisa, kati yetu sisi wa Itulani huku chini na watu wa Kyandumbi kule juu. Yalianza na wasomi wa kwanza, wale waliofuata misheni na koo zao zikawanyima udongo. Kanisa likawapa kilima. Baadaye wakaongezeka wengine. Mzee Mkikuyu aliyeuza chai Tawa na hakuwa na shamba. Mgeni aliyefia njiani. Vichanga visivyokuwa na baba wa kuvitaja. Wote waliokataliwa mahali fulani.

Na Mumbua wangu. Aliolewa na Kioko wa Kyandumbi. Alikwenda kwa miguu yake, na Kioko hakuwa ameleta mbuzi wa ntheo, na bila mbuzi hao mke si mke mbele ya wazee. Akafariki akijifungua, na mtoto naye. Mama yake Kioko, Wayua, akasimama mlangoni akasema huyu si wetu, mbuzi hawajaenda. Nikamrudisha nyumbani. Shemeji yangu Nzioka, ndiye mkubwa wa ukoo tangu mume wangu afe, akasema msichana aliyetoka mwenyewe harudi kuzikwa kwa babake. Tukakaa na maiti barabarani, jua linawaka. Kanisa likatupa kilima.

Namchukia Wayua. Naandika wazi, Mungu anajua tayari.

Mwanangu alikataliwa na nyumba mbili. Sasa maji nayo yanamtaka. Hayatampata.

Jumapili, 8 Septemba

Nimesimama kanisani wakati wa matangazo. Nimesema korongo linakula makaburi. Pasta Muthama alishukuru kwa uchungu wangu. Ni mtu mfupi mwenye maombi marefu. Akasema kamati itakaa.

Wayua alikuwa kiti cha nyuma na wanawake wake wa Kyandumbi. Naye ni mwenyekiti wa mwethya yao. Aliangalia dirisha.

Jumanne, 17 Septemba

Kamati imekaa. Imeamua kukaa tena.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimewaambia wanawake zamu yangu ya mwethya siitaki shambani kwangu. Naitaka makaburini. Kisha wakaanza. Jembe la nyumbani haliendi makaburini, litaleta kifo shambani. Mmoja akasema hata nyanyake alisema hivyo. Nikawauliza kama nyanyake alikuwa na korongo. Hawakucheka.

Tumeafikiana. Majembe yatabaki nyumbani. Tutabeba mawe kwa mikono na kukata matawi ya miiba, tulijaze korongo. Mikono haina mwiko.

Jumamosi, 28 Septemba

Mawe. Mawe. Mgongo wangu si wangu tena. Kalondu ametunga wimbo kuhusu mwanamke aliyemeza kilima. Mimi ndiye huyo mwanamke. Nzioka amepita na baiskeli akienda Tawa, akasema tunafuga mawe. Nikamwambia ashuke afuge moja. Akakanyaga pedali kwa nguvu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Korongo limejaa mpaka mdomoni. Tumesimama juu yake tukaimba. Pasta alikuja akaomba, na kwa mara ya kwanza sikuona urefu wa maombi yake. Nimelala chali tena. Miguu yangu ilikaa juu ya mawe yetu.

Najivunia. Hakuna mwanamume aliyeinua hata kokoto. Hatukumwomba mtu wa Kyandumbi kitu chochote.

Jumatano, 16 Oktoba

Mvua ya mchana mmoja. Hata si mvua, ni mvua iliyokuja kutusalimia. Nimekwenda kuangalia ilipokatika.

Mawe karibu yote yako mtoni. Miiba yote. Korongo limefunguka upya, na pana zaidi, kwa sababu mawe yalipokuwa yakienda yalibomoa kingo.

Nilikaa kwenye matope nikalia. Sikulia hivyo siku tuliyomzika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo sina huzuni. Nina hasira, na hasira ina miguu. Nimeyafuata maji yalikotoka. Alama zake bado mbichi.

Yanatoka juu. Bila shaka yanatoka juu, hata mtoto anajua maji hayapandi. Sisi tulikuwa tunafunga mdomo wa chupa huku mtu anamimina. Njia ya ng'ombe wa Kyandumbi inashuka kwenda mtoni, imekanyagwa ikawa mtaro. Na maji yanayoingia kwenye njia hiyo yanatoka shamba moja. Matuta ya shamba hilo yalibomoka zamani na hakuna aliyeyarudisha. Maji yanateremka humo kama watoto waliofunguliwa shule.

Shamba ni la Wayua.

Kinachotakiwa nakijua, tumekifanya mashambani kwetu miaka mingi. Kwanza matuta ya juu yarudishwe, fanya juu, udongo urushwe upande wa mlima. Halafu mtaro mrefu wa kukinga maji, uanzie chini ya shamba lake, ukatize mteremko juu ya makaburi, uyamwage kwenye majabali ya upande wa mashariki. Huko yateremke mtoni bila kumdhuru mtu. Kazi ya mwethya mbili. Yetu haitoshi. Na mlango wa maji uko kwake.

Tuliogopa majembe, tukaogopa na Kyandumbi, tukabeba mawe. Kiburi kizito kuliko mawe yenyewe.

Jumapili, 20 Oktoba

Pasta amezungumza na Wayua baada ya ibada. Jibu lake limenifikia kabla sijafika nyumbani: shamba lake si la kanisa, na yeye hana mtu kwenye makaburi yale.

Hana mtu. Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimefikiri siku mbili. Kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na sijaona mtu wa hapa akiivunja. Aliyelimiwa atalima. Ukikuta majembe ya watu yanafanya kazi shambani kwako, una mambo mawili tu. Uwafukuze wakiwa na njaa, na hadithi yako itaimbwa mpaka Kibwezi. Au uwashe moto uwapikie, na ukishawapikia, jembe lako ni lao siku watakayoliita.

Nimemwambia Kalondu. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso aone kama nina homa. Tumlimie Wayua? Wayua huyuhuyu? Nikamwambia huyuhuyu. Akauondoa mkono. Kisha akauliza tuamke saa ngapi.

Wengine walikataa. Wawili wakasema watakuja kuangalia tu. Nikasema njooni na majembe ya kuangalia nayo.

Alhamisi, 24 Oktoba

Siku ya leo nataka kuiandika yote.

Tulipanda kabla jua halijawa kali. Tumepita makaburini bila kusimama. Shambani kwa Wayua tulipanga mstari kwenye tuta la juu lililobomoka, na nikapiga jembe la kwanza mimi. Mbwa wake akabweka mpaka akachoka, akalala.

Wayua akatoka. Ana miguu mirefu, anatembea kama mtu anayepima shamba la kununua. Akasimama mbele yangu.

"Mama Mumbua, ni nani amekuita hapa?"

"Tuta lako ndio limeniita."

"Hii shamba ni yangu."

"Najua. Na maji inatoka hapa ni ya nani?"

Aliangalia wanawake wote, mmoja mmoja, ili kila mmoja ajue ameonekana. Kisha akarudi nyumbani kwake akafunga mlango.

Tukaendelea. Hakuna aliyeimba. Kulima bila wimbo ni kifungo. Nilisikia kila jembe peke yake. Jua likapanda. Mmoja wa wale waliokuja kuangalia akaninong'oneza, tuende nyumbani, tumejiaibisha vya kutosha. Nikamwambia amalize kipande chake alichopimiwa kwa kamba kwanza. Nilikuwa nasema tu. Ndani nilikuwa nimekwisha. Kila nikiinua jembe naangalia paa la jiko lake. Hakuna kitu. Nyasi na jua.

Kisha Kalondu akasimama wima akanyoosha kidole.

Moshi.

Kidogo kwanza, wa kuni mbichi. Halafu mwingi. Kalondu alifungua kinywa, na wimbo uliotoka sijui aliutoa wapi. Wanawake wangu wakalima kama ardhi imewaibia kitu. Wale wawili wa kuangalia walikuwa mbele kuliko wote. Mimi niliinama nisionekane uso.

Alitupikia muthokoi. Baada ya mwaka kama ule, nyumba yenye mahindi ya kukoboa kwa wageni wengi hivyo ni nyumba iliyojinyima. Alinipa sahani ya mwisho bila kuniangalia. Nililamba mpaka chini. Kilikuwa kitamu. Nilitamani kiwe kibaya.

Tukiondoka nikamwambia Alhamisi ijayo, juu ya makaburi. Akasema amesikia. Neno moja tu, lakini limetosha kunirudisha nyumbani nikiwa na miguu ya msichana.

Jumatano, 30 Oktoba

Mawingu upande wa Mbooni. Sina raha. Tuta lake la juu tumelimaliza, lakini bila mtaro ni bure. Je, asipokuja?

Alhamisi, 31 Oktoba

Amekuja.

Amekuja na Kyandumbi nzima. Walishuka kwenye njia ya ng'ombe wakiimba, majembe begani, na mbele yao Wayua ameshika kamba na pima maji ya mwethya yao. Wimbo wao ulitucheka. Ulisema kuna watu huko chini walifunga mlango wa ghala kwa uji. Kalondu aliwajibu papo hapo kwamba kuna watu huko juu wanafuga maji badala ya ng'ombe. Wakacheka wote, wa juu na wa chini. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho pamoja tangu nikiwa kijana.

Tulipofika ua wa makaburi walisita, kama wangu walivyosita. Mwiko ni uleule juu na chini. Wanawake kwa makumi wamesimama na majembe hewani. Pasta akaanza kukohoa, ishara ya maombi. Wayua hakumngojea. Akafunga kamba kwenye kigingi, akasema kifo kilishakuja hapa bila kuitwa na jembe la mtu, akapiga.

Basi tukapiga wote.

Jumanne, 5 Novemba

Kila siku sasa. Watu wa zamu nyingine wameahirisha mashamba yao. Mtaro unakwenda. Unapinda pale penye mwamba, halafu unanyooka. Kyandumbi wanachimba kutoka juu, sisi kutoka majabalini, tutakutana kwenye kona. Wanaume wamesikia aibu, wameanza kuja. Nzioka ameleta toroli. Nimemuuliza kama limekuja kufuga mawe. Akasema shemeji, niache nifanye kazi. Nikamwacha.

Niko na furaha na ninaogopa. Mawingu kila jioni.

Alhamisi, 7 Novemba

Nilikwenda kunywa maji nikamkuta Wayua ndani ya ua. Peke yake. Amesimama kwenye kaburi la Mumbua. Hakuwahi kukanyaga pale, hata siku ya maziko.

Nilitaka kumwambia atoke. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Akauliza bila kugeuka, "Mtoto alilazwa upande gani?"

Nikamwonyesha. Upande wa kushoto, mkononi mwa mamake. Wa kiume. Mjukuu wake wa kwanza. Miaka yote hii nimemlilia mwanangu na mjukuu wangu, na sijataka hata siku moja kukumbuka kwamba ni mjukuu wake pia.

Alichuma magugu mawili matatu kwenye mawe akaondoka. Sikumchukia leo. Nimejaribu jioni hii kuanza tena, nimeshindwa.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumekutana kwenye kona. Jembe la Kalondu liligongana na jembe la msichana wa Kyandumbi, vumbi likatimka, makelele. Mtaro ni mzima kutoka njia ya ng'ombe mpaka majabalini. Kona yenyewe siipendi. Udongo wake ni mchanga mtupu. Nimesema Jumatatu tutaijengea mawe.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua haikungoja Jumatatu.

Pasta alikuwa katikati ya mahubiri, Nuhu amekwisha kuingia safinani, mbingu zikafunguka juu ya mabati. Hatukusikia tena Nuhu. Niliona midomo ya Pasta inacheza tu. Nikamwangalia Wayua, naye alikuwa ananiangalia. Tuliinuka pamoja. Kanisa zima likatufuata nje na nguo za Jumapili.

Maji yalikuwa yanakuja. Mekundu, na sauti. Yaliteremka kwenye njia ya ng'ombe kama siku zote, yakafika kwenye mtaro wetu, na pale yakageuka. Yaligeuka. Yakafuata mtaro kama ng'ombe wanaojua boma lao. Wanawake walipiga vigelegele kushinda ngurumo. Makaburi chini yetu yalikuwa yanalowa mvua yake tu, ya mbinguni, na mvua hiyo si neno.

Halafu kona.

Nilijua. Ukingo ulianza kumeguka, kwanza ngumi, halafu kichwa, halafu mtu. Maji yakatoa ulimi wake nje kuelekea makaburini, moja kwa moja upande wa Mumbua. Nikaingia mtaroni mpaka kiunoni na kusukuma udongo kwa mikono. Nilikuwa kama anayezuia ng'ombe kwa kitambaa. Wayua akarukia kando yangu, na nguo yake ya bluu ya kanisa. Tukasukuma. Tulikuwa tunashindwa.

Nilipiga kelele leteni mabenchi. Sijui nilifikiriaje. Pasta alielewa kabla ya wengine wote, na mpaka nife sitamcheka tena. Alikimbia ndani, akatoka na Nzioka wamebeba benchi la mbele, lile la wazee, la mvule, zito kama ng'ombe. Wakalitumbukiza kwa ubavu kwenye kona. Maji yakaligonga likatetemeka.

Na Wayua, mgongo wake kwenye benchi, akaniambia kwa sauti kubwa, "Muthoni, mawe. Lete mawe."

Muthoni. Mkwe. Hakuna mbuzi aliyekwenda, hakuna mzee aliyekaa, na ameniita hivyo kwenye matope. Hakujua amesema. Mimi nilisikia.

Nilileta mawe. Kila mtu alileta mawe. Kutoka kwenye korongo, yale yaliyobaki ya kwetu, mkono kwa mkono, wa juu na wa chini wamechanganyika, huwezi kujua nani wa wapi kwa jinsi wote walivyokuwa wekundu. Nyuma ya benchi mawe, nyuma ya mawe udongo, juu ya udongo miguu ya watu ikikanyaga kwa wimbo. Benchi likatulia. Ulimi wa maji ukarudi mdomoni. Maji yote yakapinda kona, yakanyooka, yakaenda kujirusha majabalini, na kule yakapiga kelele yanavyotaka.

Tuliimba mvua yote. Tuliimba mpaka ikakatika na bado tukaimba. Kalondu alicheza na Pasta. Nimeona kwa macho yangu. Wazee wakauliza watakaa wapi Jumapili ijayo, na Wayua akawaambia watasimama, kiti chao kina kazi.

Tumeshinda. Naandika tena kwa sababu ni tamu. Tumeshinda.

Jumatatu, 11 Novemba

Siwezi kuinua mkono. Hakuna zaidi.

Ijumaa, 27 Desemba

Sijaandika muda. Kupanda, kupalilia. Mahindi yamenifika kifuani.

Leo nimepata wageni. Kioko amekuja kutoka Kibwezi anakofanya kazi ya kumwagilia mashamba, na Wayua, na wazee wao wawili. Na mbuzi. Nimewasikia mbuzi kabla sijawaona watu.

Wayua alisema maneno machache. Kwamba mbuzi wamechelewa. Kwamba kuchelewa si kutokuja. Kioko alilia tu, mtu mzima na mabega yake. Siku ile alinyamaza mlangoni nyuma ya mamake na nilimhesabu na mawe. Leo nimempa kiti.

Nzioka aliwapokea mbuzi kwa niaba ya ukoo. Wazee wakasema ntheo imeliwa, Mumbua ni mke wa watu. Nilitoka nyuma ya nyumba nikasimama huko kidogo. Nilimwambia Mumbua. Nilimwambia kwa sauti, kuku wakasikia.

Alhamisi, 2 Januari 1986

Nzioka amekuja na habari. Ukoo umekubali Mumbua ahamishiwe nyumbani, kando ya babake. Akasema kama anaweka ng'ombe mezani. Kabla ya saa sita mjumbe wa Kyandumbi naye amefika. Kwao wanasema mke wa watu hulala kwa mumewe, wamesafisha mahali.

Nyumba mbili zilizomkataa sasa zinamgombania. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilingoja siku hii bila kujua ninaingoja. Kisha nikawajibu wote wawili jibu moja. Yuko na watu wake. Mzee wa chai yuko upande huu, wasomi wako upande ule, na mwanawe mkononi. Amezoea. Mwacheni.

Nzioka akiondoka aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kama makaburini bado kuna nafasi.

Jumapili, 5 Januari

Baada ya ibada nilipanda mkonge ukingoni mwa mtaro. Nyasi zimeshika. Benchi la wazee limezama nusu kwenye udongo na juu yake kumeota majani. Korongo bado lipo, lakini limekaa kimya, na mdomo wake tumeuteremsha ukawa mteremko wa kukalika. Upepo kidogo. Watu wamekwenda kula.

Nililala chali, kichwa kwenye mawe ya Mumbua, nione. Miguu iligusa nyasi.

Wayua alikuja na miche yake akanikuta hivyo. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia napima mahali pangu. Aliangalia juu, akaangalia chini, akaweka miche kando. Akasema nisogee, naye apime.

Nikasogea.